Ndovu juu, miwani machoni: nilivyoupima usingizi wangu

"Fundi, niwekee ile rangi ya machungwa, usiku silali." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi sana kwenye meza yangu ya kutengeneza simu, Mwembe Tayari, Mombasa, na kwa miaka nilikuwa nayajibu bila kufikiri. Nafungua mipangilio, nawasha hali ya usiku, skrini inageuka rangi ya chai ya maziwa, mteja anaondoka ameridhika. Simu yangu mwenyewe ilikuwa hivyo hivyo, na hadi saa saba usiku nilikuwa macho kama bundi. Mwishowe nikaona haya. Fundi anayeuza betri bila kuipima kwa mita tunamwita tapeli. Na mimi nilikuwa nikigawa usingizi nisioupima.

Wazo lenyewe, kwamba mwanga wa buluu wa skrini hufukuza usingizi na rangi ya machungwa huupunguza, si porojo. Ndani ya jicho, mbali na chembe zinazotuonyesha vitu, ziko nyingine zenye kemikali iitwayo melanopsini. Hizo kazi yao ni kuijulisha saa ya ubongo kama ni mchana au usiku, na mwanga unaozishtua zaidi ni wa buluu, kama nanometa 480 hivi. Zikishtuliwa usiku, mwili huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoutangazia kwamba kumekuchwa. Na LED zetu nyeupe, vile vitaa vya kwenye balbu na skrini, sisi tunaozifungua tunajua, si nyeupe hata kidogo: ni kichipu cha buluu kilichopakwa unga wa manjano, jicho likadanganyika. Akasaki, Amano na Nakamura, waliofanikisha LED ya buluu, walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Hawakujua watamkosesha mtu usingizi huku kwetu Majengo.

Swali ni kwamba athari hiyo ni kubwa kiasi gani. Mwaka 2015 watafiti wa Boston walichapisha jaribio la watu 12 waliosoma kwenye kompyuta bapa inayong'aa kwa saa nne hivi kabla ya kulala, jioni tano mfululizo, kisha wakalinganishwa na walivyolala baada ya kusoma kitabu cha karatasi. Melatonini ilichelewa kwa saa moja na nusu. Lakini usingizi wenyewe? Ulichelewa kwa dakika kumi hivi. Mimi nilikuwa napoteza saa mbili.

Nikanunua miwani ya kuzuia buluu, ya rangi ya chungwa, kwa shilingi 800. Kabla yake nilikuwa nimeshauziwa nyingine ya bei zaidi, vioo vyeupe vyenye mng'ao wa zambarau, nikaambiwa "inakata buluu yote." Ukitaka kujua kama umeuziwa mbuzi kwenye gunia, fungua picha ya buluu tupu kwenye simu, uitazame kupitia kioo. Miwani inayozuia kweli huifanya picha iwe nyeusi, au karibu nyeusi. Ile ya zambarau ilinionyesha buluu nzuri kama bahari ya Nyali.

Kipimo ndicho kilichonisumbua. Ukitazama saa kitandani ili ujue umelala saa ngapi, ushajiamsha. Mke wangu anayo kaunta ya tasbihi, ile ya kuvaa kidoleni yenye kitufe. Nikaiazima. Nikishalala chali nabofya mara moja kwa kila pumzi inayotoka, mpaka kidole kiache chenyewe. Asubuhi naisoma namba, naiandika daftarini pamoja na saa niliyopanda kitandani. Mke wangu hakupendezwa. "Watu wanahesabu adhkari, wewe unahesabu pumzi!" Nikatia astaghfirullah katika kila pumzi, tukapatana. Najua kuhesabu kwenyewe kunaleta usingizi, ila kulikuwapo kila usiku, wa miwani na usio wa miwani, kwa hiyo hakukupendelea upande wowote.

Jambo la pili, na hili ndilo ningemsisitizia mtu yeyote anayetaka kujaribu: usijichagulie usiku wa kuvaa. Utavaa siku uliyochoka, ulale kama gogo, kisha uisifu miwani. Kila magharibi nilirusha sarafu ya shilingi ishirini, ile mpya. Ndovu akiwa juu, navaa kuanzia saa mbili. Nembo ikiwa juu, sivai. Nilisubiri Ramadhani iishe kwanza, kwani mwezi ule usiku wetu ni mchana. Bahati yetu Mombasa ni kwamba jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, haliendi mbele wala nyuma ila robo saa hivi, basi hakuna haja ya kuhangaikia majira.

Usiku 28, ndovu mara 15. Wastani wa usiku wa miwani ulikuwa pumzi 187. Bila miwani, 302. Tofauti kama dakika nane. Lakini ushindi mkubwa ulikuwa kwenye safu ya pili ya daftari: usiku wa miwani nilipanda kitandani saa nne na nusu, usiku mwingine saa sita kasoro. Nikamtangazia mke wangu kama mtu aliyevumbua umeme. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ukiwa na miwani, ulikuwa ukitazama nini kwenye simu?"

Nikanyamaza. Maana ukweli ni kwamba ukiivaa ile miwani mpira hautazamiki. Uwanja unakuwa wa hudhurungi, jezi za timu mbili zinafanana, hujui nani amempa nani pasi. Nilikuwa naiweka simu kando kwa kuchoka nayo, si kwa sababu melatonini imenijia. "Wewe huna shida ya mwanga," akasema, "una shida ya mpira."

Kwa hivyo duru ya pili tuliipanga upya. Simu anaichukua yeye saa tatu na nusu, ndovu au nembo, na kuifungia kabatini. Taa ya sebuleni ile ile, gazeti lile lile la wiki iliyopita. Kilichobadilika ni miwani tu. Usiku mwingine 28. Wastani na miwani: 174. Bila miwani: 181. Pumzi saba, hiyo ni nusu dakika. Saa ya kupanda kitandani ikawa ile ile, kwa miwani na bila miwani.

Sitaki mtu aende kusema fundi wa Mwembe Tayari amethibitisha mwanga wa buluu ni uongo. Ni mwili mmoja, na miwani ya chungwa huwezi kujificha kwamba umeivaa. Mwaka 2023 Cochrane, shirika linalochambua tafiti za afya, walipitia majaribio 17 ya lenzi za kuzuia buluu, na kuhusu usingizi hawakuweza kutoa jibu la uhakika. Sembuse mimi na sarafu yangu. Nasema tu kwamba ukitaka kuupima mwanga, iondoe simu kwanza, la sivyo utakuwa unapima simu.

Kuna kurasa mbili za daftari ambazo hazimo katika wastani. Nilikuwa nimekata shauri tangu mwanzo kwamba usiku wa kukatika umeme utaandikwa kando. Ukakatika mara mbili mwezi wa Aprili, kabla mvua hazijatupoza. Giza totoro, hakuna hata punje ya mwanga wa buluu, na feni imesimama. Kaunta: 590 na 640. Mwili unahitaji kupoa kidogo ndipo uzame usingizini, na chumba cha Majengo chenye dirisha moja hakiupi nafasi hiyo. Tangu hapo nimehamisha kitanda kikae mkabala wa dirisha, naoga maji kabla ya kulala, na feni ndogo ya betri nimeitengeneza mwenyewe kwa mota ya printa iliyokufa. Inapiga kelele kama tuktuk, lakini inafanya kazi.

Kahawa sikuijaribu kwa sarafu, nakiri, kwa sababu barazani hawawezi kukusubiri urushe shilingi. Lakini nusu ya kafeini hubaki damuni saa tano hivi baada ya kuinywa, kwa watu wengi, na mimi nilikuwa nikinywa vikombe vitatu vya kahawa chungu baada ya isha. Sasa nakunywa baada ya alasiri. Baada ya isha nakaa na wenzangu na kashata tupu, nikitaniwa.

Mteja akiitaka rangi ya machungwa bado namwekea, bure, ni sekunde chache. Halafu namuuliza usiku simu anailaza wapi. Juzi mama mmoja alinitazama kama niliyeuliza jambo la aibu. "Chini ya mto, fundi. Kwani yako hulala wapi?" Nikamwambia kwenye kabati la mke wangu, na ufunguo anao yeye.