Mkufu wa Salueng Moja: Mthai wa Kawaida Anaweka Wapi Akiba Yake?

Wiki ya kwanza ya Mei 2023, joto la Samut Prakan, pembeni mwa Bangkok huko Thailand, limekaba mpaka feni inapuliza moto, jirani yangu akanigongea mlango. "Nong, una nafasi? Nisindikize mara moja." Nong ni mdogo wangu. Mimi nilimwita Phi, yaani dada, maana alinizidi miaka tisa. Alikuwa ameshavua mkufu wake wa dhahabu na kuuviringisha kwenye karatasi laini, ameubana kiganjani kama mtoto aliyetumwa dukani. Nikajua anakwenda kuuza. Kumbe tulikuwa tunakwenda duka la rehani la manispaa.

Foleni ilikuwa ndefu, na karibu wote ni kina mama. Shule za Thailand hufungua katikati ya Mei, kwa hiyo wiki hizo ndizo za sare, viatu na ile michango midogo midogo ambayo mzazi yeyote wa Dar au Mombasa anaijua. Hakuna aliyejificha uso. Walipiga soga kama watu waliokutana mashine ya kusaga. Phi alipofikiwa, mkufu ukapimwa, ukataja bei yake wenyewe, akaweka saini, tukatoka na baht 6,500 na kijikaratasi cha kukombolea.

Nikampa pole kwa hasara. Akanishangaa. "Hasara ya nini? Watoto wamepata sare, na mkufu utarudi kabla ya Oktoba."

Nikanyamaza, kwa sababu siku hiyo mimi, mwalimu wa chekechea mwenye mshahara zaidi ya mara mbili ya wake, nilikuwa na baht 1,140 benki. Na kwa mwaka mzima nilikuwa nikiwaandikia ndugu zangu kwamba Wathai hawajui kuweka akiba.

Tangu nirudi Dar naulizwa sana swali hili, hasa na vijana wanaotaka kwenda kufundisha au kufuata nguo Pratunam, soko la nguo la Bangkok: hivi mtu wa kawaida kule anaweza kuweka akiba, au na wao wanaishi mkono kwa mdomo kama sisi? Tuanze na hesabu za Phi, maana alinipa mwenyewe tukiwa tumekaa kibarazani.

Mwaka ule kima cha chini cha mshahara Bangkok na Samut Prakan kilikuwa baht 353 kwa siku. Baht moja ilikuwa kama shilingi 70 za Tanzania. Siku 26 za kazi zinaleta 9,178. Toa asilimia 5 ya hifadhi ya jamii, anabaki na 8,700 na kitu. Chumba 3,000. Umeme unalipia bei ya mwenye nyumba, siyo ya shirika. Sisi tulitozwa baht 8 kwa yuniti, ndiyo maana kiyoyozi kilikuwa pambo la ukutani. Chakula, ukijibana sana, 100 kwa siku. Mama yake na watoto wawili wako Isan, kaskazini-mashariki, anatuma si chini ya 2,000. Jumlisha mwenyewe. Mwezi unakatika kabla ya tarehe 28, na hapo hajanunua hata sabuni.

Wathai wana msemo wa hali hiyo, chak na mai thueng lang: unavuta upande wa mbele, wa nyuma haufiki. Picha ni ya mtu aliyejifunga kipande cha nguo kisichomtosha. Mwanamke yeyote aliyewahi kujifunga kanga iliyoruka kwenye kufua ataelewa bila tafsiri.

Kwa hiyo kwa mshahara mtupu, jibu ni hapana. Hawawezi, na anayewaambia wapunguze kahawa hajawahi kuishi kwa baht 353. Kinachowaokoa ni OT, saa za ziada, ambazo sheria inataka zilipwe mara moja na nusu. Kwa Phi hiyo ilikuwa kama baht 66 kwa saa. Akipata saa tatu jioni kwa siku ishirini, anaongeza karibu 4,000. Ndiyo maana mfanyakazi wa kiwanda akitafuta kazi mpya haulizi mshahara tu, anauliza OT ipo? Kiwanda kisicho na OT kinakimbiwa hata kikiwa na jengo zuri. Ushauri wangu wa kwanza ni huo, na hauna urembo: kama kipato cha kawaida hakifiki, usijipige kwa kukosa nidhamu. Tafuta kwanza chako cha jioni, ndipo uongelee akiba.

Sasa hiyo 4,000 inakwenda wapi? Mimi yangu niliiacha kwenye akaunti, na simu ikaila. Kule unalipa kila kitu kwa kuskani msimbo, hata ndizi za kukaanga, na pesa inayotoka kwa kidole haiumi. Phi hakuwa na imani na akaunti. Siyo kwamba benki ingemwibia. Yeye mwenyewe ndiye angejiibia, na angesaidiwa na ndugu. Kuna kitu wanakiita phasi sangkhom, kodi ya jamii: bahasha ya harusi, bahasha ya msiba, bahasha ya kijana anayeingia utawa, bahasha ya sadaka ya hekalu. Inakufikia kazini ikiwa na jina lako juu, na utairudishaje tupu? Niliposimulia kadi zetu za michango ya harusi na kamati zake, Phi alicheka mpaka akashika mbavu. Aliona sisi ndio tumezidi.

Dhahabu ndiyo ilikuwa ulinzi wake. Baht, kumbuka, si jina la pesa tu, ni uzito wa dhahabu pia: baht moja ni kama gramu 15.2, na robo yake inaitwa salueng. Dhahabu yao ni ya usafi wa asilimia 96.5, kila duka kiwango ni hicho hicho, kwa hiyo haina ubishi ukiipeleka sokoni. Salueng moja mwaka ule ilikuwa kama 8,000 ukiondoa gharama ya ufundi. Huwezi kuimega ununue soda. Shemeji akipiga simu anataka 500, unamwambia huna, na husemi uongo. Lakini mtoto akihitaji sare, ndani ya nusu saa imekuwa pesa. Riba ya rehani imewekewa kikomo na sheria, asilimia 2 kwa mwezi kwa 2,000 za kwanza na 1.25 kwa zinazozidi, na unapewa miezi minne na siku thelathini ya kukomboa. Ukilinganisha na zile karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme, rehani ni baraka.

Hizo karatasi nazo niziseme. Asubuhi unakuta kadi zimetupwa mlangoni na vijana wa pikipiki: pesa ya haraka, bila mdhamini. Mama aliyeuza mishkaki ya nguruwe chini ya jengo letu alichukua 10,000, akawa anarudisha 500 kila siku kwa siku 24. Piga hesabu: 12,000, ndani ya mwezi usiofika, katika nchi ambayo sheria inaruhusu asilimia 15 kwa mwaka. Sisi tunaiita kausha damu. Kila jioni saa kumi na moja kijana alikuja na helmeti kichwani, hashuki, mama anamnyooshea noti akiwa bado anageuza mishkaki kwa mkono mwingine. Siku ya mvua, mauzo hakuna, alikopa kwa kijana wa pili amlipe wa kwanza. Deni la kaya nchini mle limekuwa likizunguka asilimia 90 ya pato la taifa. Mimi takwimu hiyo naiona na sura ya yule mama na moshi wake.

Mtu wa namna hiyo usimwambie aweke akiba. Akiba yake ya kwanza ni kuacha kulipa 500 ya leo. Alipomaliza deni la pili, Phi alimshika mkono akamwingiza kwenye mchezo.

Na hapa ndipo nilipojihisi nyumbani. Sisi tunacheza upatu, wao wanacheza share. Kitenzi ni hicho hicho, kucheza. Kijumbe wao anaitwa thao share. Tofauti ni kwamba kwetu zamu inapangwa au inapigiwa kura, kwao mara nyingi inanadiwa: kila mwezi wenye shida wanataja riba watakayolipa, mwenye dau kubwa anachukua mzigo. Ukishachukua unaitwa mkono uliokufa. Ambao hawajachukua ni mikono hai.

Nikaingia Februari 2024, watu kumi na wawili, 2,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza ni wa kijumbe, hanadi. Ilipofika Aprili nikafa mapema. Shule niliyofundisha ilikuwa na mkataba wa miezi kumi, jambo nililosaini bila kusoma vizuri, na likizo ndefu ikanikuta sina mshahara. Nikanadi 350. Nikapokea 22,300, yaani 2,000 za wenzangu kumi na mmoja pamoja na riba ya aliyenitangulia kunadi, na nikalipa 2,350 kila mwezi kwa miezi tisa iliyobaki. Ukijumlisha na zile 4,000 za mwanzo, nilitoa 25,150. Raha yangu ya Aprili ilinigharimu 2,850. Phi alikaa mpaka mwezi wa mwisho, akachukua 22,000 yake pamoja na riba zetu sote tuliokuwa na haraka, karibu 24,000. Akaniletea maembe na wali wa kunata. Nikala, lakini nilijua nimeyanunua mimi.

Kwa hiyo ukicheza, iwe Samut Prakan au Mbagala, jiulize unaingia ukiwa nani: mkopaji au mweka akiba? Mchezo ni mmoja, lakini hao ni watu wawili tofauti, na mmoja anamlisha mwenzake. Pia ucheze na watu unaojua wanapolala. Thailand ina sheria ya michezo hii tangu 1991: kijumbe asizidishe michezo mitatu, wanachama thelathini, na mzigo wote usivuke baht 300,000. Sheria hiyo ilikuja baada ya watu kulizwa sana. Chamoy Thipyaso, mwanamke aliyekusanya pesa za maelfu ya watu kwa kisingizio cha biashara ya mafuta, alihukumiwa mwaka 1989 kifungo cha miaka 141,078. Alikaa ndani kama minane tu, kwa kuwa sheria ilikuwa na kikomo chake na misamaha ikafuata, ila nambari hiyo Wathai wa makamo bado wanaitaja.

Bahati nasibu siwezi kuiruka. Tarehe 1 na 16 nchi nzima inasimama kidogo. Tiketi moja baht 80, zawadi ya kwanza milioni 6, na Phi hakukosa hata mara moja. Nilimhubiria sana. Nikaja kugundua kwamba benki ya akiba ya serikali, Omsin, iliyoanzishwa 1913, inauza hati za akiba zinazoingia kwenye droo huku pesa yako imelala salama. Nikamwambia aachane na tiketi, anunue hizo. Alinunua hizo, na tiketi akaendelea nayo. Basi.

Jambo ambalo wageni wengi hawalioni ni hospitali. Mama yake Phi alifanyiwa upasuaji wa nyongo 2024, na mkufu haukutoka shingoni. Tangu 2002 nchi nzima ina ule mpango wanaouita wa baht 30, na mzee wa kijijini anatibiwa kwa huo. Phi mwenyewe anatibiwa kwa hifadhi ya jamii anayokatwa. Posho ya uzee ni ndogo, 600 kwa mwezi ukifika miaka sitini, haitoshi mboga. Lakini matibabu yapo. Kwetu nimeona kibubu cha miaka minne kikivunjwa kwa kitanda cha siku tatu. Ndiyo maana nikiulizwa ningeiga nini kwao, dhahabu naiweka ya pili. Ya kwanza ni bima ya afya, hata kama ndiyo itakayomeza akiba yako yote ya mwaka wa kwanza. Akiba isiyo na bima ni pesa ya hospitali inayosubiri tarehe.

Kuhusu dhahabu yenyewe, kama utaishi kule: nunua ile ya uzito, usidanganywe na mkufu wenye nakshi, maana gharama ya ufundi hairudi. Tunza risiti, na siku ya kuuza rudi duka ulilonunulia. Usikope kununua. Na usiniulize kama itapanda. Salueng ya Phi ya 8,000 ilipofika Oktoba 2025 ilikuwa imevuka 15,000, baht nzima ikiwa juu ya 60,000, na alinitumia picha akiwa amevaa miwani ya jua chumbani usiku kama tajiri wa tamthilia. Kuna miaka iliwahi kulala, na aliyekuwa na shida miaka hiyo aliuza kwa machozi.

Mimi nina pete ya nusu salueng. Naivaa kidole cha kati kwa sababu inabana, na kuivua kunahitaji sabuni na dakika tano za kufikiri. Imeniokoa mara mbili mbele ya duka la simu Kariakoo.

Phi mkufu wake bado unakwenda rehani kila Mei na kurudi. Tarehe ya mwisho ya kukomboa anaizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani, ile kubwa ya bure anayopewa kila mwaka mpya na duka la dhahabu.