Redio ya chuo ilianza lini? Usikimbilie kujibu

Ukipewa kazi ya kuandika historia ya redio ya chuo, mtego uko kwenye sentensi ya kwanza kabisa: mwaka wa kuanza. Kituo kimoja huanza mara kadhaa, na kila mwanzo una ushahidi wake.

Chukua WHA, redio ya Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani. Ilizaliwa kama kituo cha majaribio chenye alama 9XM, kilicholelewa ndani ya idara ya fizikia, chini ya Profesa Earle Terry. Mwaka 1916 ilikuwa ikirusha taarifa za hali ya hewa kwa msimbo wa Morse: milio mifupi na mirefu, hakuna mtangazaji. Sauti na muziki kwa kawaida hutajwa kuwa vilianza 1917, na chuoni kuna kibao kinachokiita kituo kikongwe kuliko vyote nchini, ingawa baadhi ya watafiti wameutilia shaka mwaka huo. Herufi WHA zilikuja na leseni ya 13 Januari 1922. Vipindi vya shule, vilivyowafikia hata watoto wa madarasa ya vijijini, vilianza 1931. NPR, mtandao wa kitaifa wa redio za umma, ulisajiliwa 1970. Sasa mtu akiandika "redio ya umma tangu 1917", amechanganya nusu karne katika maneno manne.

Kwa hiyo chora jedwali kabla ya kuandika aya yoyote: tukio, tarehe, ushahidi, nani aliusema na lini. Leseni inathibitisha ruhusa tu, si matangazo. Daftari la zamu linathibitisha kwamba mtambo uliwashwa. Barua ya msikilizaji inathibitisha kwamba upande wa pili kulikuwa na mtu, na kwa kituo kinachodai kuhudumia jamii hakuna karatasi iliyo na uzito kuliko hiyo. Kumbukumbu za mstaafu aliyehojiwa miaka 30 baadaye ziweke mwisho. Watu hukumbuka vizuri nani alikuwepo, mwaka huwapotea. Madai ya "bila kukatika hata siku moja" nayo yapimwe kwa daftari. Pale Madison valvu, zile taa za kioo za mtambo wa kurushia, zilitengenezwa kwa mkono hapo hapo chuoni, na ziliungua.

Baada ya karatasi, kanda. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaitoa rili (gurudumu lililozungushiwa kanda) stoo, wanaiweka kwenye mashine na kubonyeza. Kanda nyingi za poliesta, aina ya plastiki, za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake imefyonza unyevu. Ikichezwa inalia kama mlango mkavu, inakwama, na ile rangi ya kahawia inabaki kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma kanda. Hiyo kahawia ndiyo sauti yenyewe, ikishabanduka hairudi.

Shika rili mbele ya taa. Mwanga ukipenya kwenye mzingo wa kanda, hiyo ni asetati, plastiki ya aina nyingine: usiipashe moto kamwe, na ukisikia harufu ya siki itenge na nyingine. Ikiwa giza, ni poliesta, na kama inanata inaweza kupashwa moto mkavu wa nyuzi 54 hivi za Selsiasi kwa saa 8, katika kifaa kinachoshikilia joto bila kupanda na kushuka. Oveni ya gesi ya jikoni haifai. Iache ipoe kwa muda ule ule, kisha inakili ndani ya wiki chache, kwa sababu unyevu hurudi.

Kabla ya kurekodi, safisha hedi kwa spiriti na urekebishe pembe yake kwa kila kanda mpaka "s" na "sh" zisikike kali. Pembe ikikosewa mtangazaji anasikika kama amefunikwa blanketi, na hakuna programu itakayolitengeneza hilo vizuri baadaye. Rekodi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, la kHz 96 na biti 24. Kwa stereo, saa moja hula takriban GB 2, kwa hiyo hesabu diski kabla ya kuanza, nakala tatu, moja ikae jengo jingine.

Kasha lenyewe lipige picha pande zote. Mara nyingi tarehe ya kweli iliandikwa kwa penseli ubavuni, na lebo iliyobandikwa mbele ni ya kipindi kilichofutwa.