Maswali ya wasomaji: Neno alipofanyika mwili

Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Hii ya Krismasi, 25 Desemba, ilitoka wapi? (Kisumu)

Kweli, Luka na Mathayo hawataji siku wala mwezi. Tarehe hiyo imo katika kalenda ya Roma ya mwaka 354. Kuhusu chanzo chake, wapo wanaosema Kanisa liliichagua ili ichukue nafasi ya sikukuu ya jua ya wapagani. Wengine wanasema Wakristo wa kale waliamini kwamba Maria alipashwa habari na malaika 25 Machi, akachukua mimba siku hiyo. Hesabu miezi tisa. Lolote utakalolikubali kati ya hayo, imani haikujengwa juu ya tarehe. Imejengwa juu ya Yohana 1:14: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Mungu mwenyewe, wala si mjumbe wake, alizaliwa na mwanamke, akanyonya, akajifunza kutembea. Ndiyo maana Wakatoliki, ambao Jumapili nyingine huinama tu, siku ya Krismasi hupiga magoti wanapofika maneno ya kupata mwili katika Kanuni ya Imani. Wengi hupiga magoti bila kuelezwa sababu, na hilo ni hasara kubwa.

Nataka kutengeneza shada la Majilio nyumbani. Nianzie wapi? (Njoro)

Shada hili ni duara la matawi lenye mishumaa minne, la kuhesabia Majilio, yaani majuma ya kungoja Krismasi. Tafuta sinia pana la bati na mikebe minne. Jaza mikebe mchanga, simika mshumaa katika kila mmoja, kisha zungushia matawi mabichi ya saipresi, ambayo kwenu hayakosekani. Majani yasifikie mdomo wa mkebe. Mishumaa mitatu ni ya zambarau, mmoja wa waridi. Ukipata myeupe tu dukani, funga kitambaa cha rangi kwenye mkebe. Usikifunge kwenye mshumaa, kwa sababu mshumaa ukishuka kitambaa kitashika moto.

Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi. Washa mmoja juma la kwanza, miwili la pili. Juma la tatu ongeza ule wa waridi, maana hiyo ni Jumapili ya furaha. La nne washa yote. Dakika kumi kabla ya chakula cha jioni zinatosha: washeni, someni, nyamazeni kidogo, ombeni, zimeni. Kwa majuma manne someni Isaya 11:1–10, Isaya 40:1–11, Isaya 35, kisha Luka 1:26–38.

Mambo mawili huharibu shada. La kwanza ni kuwasha mishumaa yote siku ya kwanza kwa sababu inapendeza. Hapo hakuna kinachongojwa tena, na kungoja ndiyo kazi yenyewe ya Majilio. La pili ni matawi makavu. Yabadilishe kufikia Jumapili ya tatu, na usiache mshumaa ukiwaka chumba kikiwa kitupu.

Watoto wa shule ya Jumapili wanaigiza Krismasi. Tuwaweke mamajusi pamoja na wachungaji? (Kakamega)

Watenganisheni. Wachungaji walifika usiku uleule (Luka 2:15–16). Mamajusi walimkuta mtoto nyumbani (Mathayo 2:11), na mfalme Herode aliua watoto wa miaka miwili na chini yake kulingana na muda aliopata kwao. Mathayo hasemi walikuwa watatu. Zawadi ndizo tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Wekeni wimbo mzima kati ya matukio hayo mawili, mamajusi waanze mlangoni wakitembea polepole. Hori itoke kwa mfugaji, iwe na nyasi. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa pango la Krismasi, yaani mfano wa mahali Yesu alipozaliwa, kule Greccio, Italia, mwaka 1223 alileta hori, ng'ombe na punda halisi, ili watu waone jinsi mtoto huyo alivyokosa mahali.

Mwaka huu hatuna pesa ya nguo mpya wala nyama. Watoto nitawaambia nini? (Bungoma)

Pole, ndugu yetu. Wasomee Luka 2:22–24. Baada ya kujifungua, sheria ilidai mwana-kondoo na ndege mmoja; asiyeweza alileta ndege wawili (Walawi 12:8). Luka anataja ndege tu. Familia ya Yesu iliingia hekaluni na sadaka ya maskini, na sheria iliikubali. Waambie watoto hivyo waziwazi, kabla ya siku yenyewe, wasije wakadhani umaskini umewafungia Krismasi nje. Nendeni ibada ya mkesha kwa nguo safi mlizo nazo. Nanyi mlio na kitoweo, pelekeni sahani kwa jirani kabla hajaomba.

Mama mkwe ni Msabato, hataki kusikia Krismasi. (Nyamira)

Hakuna amri ya Biblia inayomlazimisha. Soma Warumi 14:5–6, umheshimu. Luka 2 anaiamini kama wewe. Mwombe muisome pamoja siku yoyote.

Mapambo yatolewe lini? (Nakuru)

Si tarehe 26. Krismasi ndiyo kwanza inaanza 25 Desemba, na huendelea hadi Epifania, sikukuu ya mamajusi kumfikia Yesu, 6 Januari. Kwa Wakatoliki, hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana inayofuata Epifania. Katikati kuna kumbukumbu za Stefano shahidi (26 Desemba) na watoto wa Bethlehemu waliouawa (28 Desemba). Acheni pango mahali pake siku hizo pia, na mamajusi wafikishwe horini siku ya Epifania.