Nilimpata Mungu Uingereza, nimerudi Masasi sisali tena

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi, mke na mama, nina miaka 34. Mwaka jana parokia yetu ya Kianglikana ilialikwa na parokia rafiki ya Uingereza. Tulikwenda watu sita, wiki tatu za utume: kuimba, kushuhudia, kutembelea wazee. Miaka minne kabla ya hapo tulifiwa na mtoto, na tangu siku hiyo nilikuwa nasali kwa mdomo tu. Kule, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, bibi mmoja alinishika mkono akaniomba nimwombee. Kiingereza kikanikimbia, nikasali Baba Yetu kwa Kiswahili, naye akawa anafuatisha kwa lugha yake. Nililia sana. Usiku ule nilisali mpaka kukakucha, na siku zote zilizobaki niliona Mungu yuko karibu kabisa. Nimerudi, huu mwezi wa tano, na moto umezimika. Kila ibada naitwa mbele kutoa ushuhuda ule ule, najiona mnafiki. Nataka kurudi kule kwa nauli yangu, nikope vikoba au tuuze ekari mbili za mikorosho. Mume wangu amekataa, anasema nimerudi na dini ya Kizungu. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeifupisha, lakini yote nimeisoma mara tatu.

La mikorosho nilimalize mapema: usiuze, wala usikope. Deni la vikoba lina siku yake ya marejesho, na ekari ikishatoka mikononi, msimu wa mnada utawaona wenzako wakipima korosho nawe umesimama pembeni.

Sasa tuzungumze. Uliyoyapata kule siyatilii shaka hata kidogo. Ila nimeona jambo kwenye barua yako: umeandika kurasa mbili juu ya Uingereza, na juu ya mtoto mstari mmoja. Hata jina lake hukuliandika.

Kule hakuna aliyekujua. Hapa wewe ni mwalimu, mke wa fulani, mwanamke aliyeambiwa matanga hayajaondoka, "Jikaze, Bwana ametoa na Bwana ametwaa." Maneno hayo ni ya Ayubu, na ni ya kweli. Lakini Ayubu aliyasema mwenyewe, hakusemewa na majirani. Tena ukifungua sura ya tatu utamkuta huyo huyo Ayubu akiilaani siku aliyozaliwa, na Mungu hakumtupa kwa hilo. Wewe sura ya tatu hukuruhusiwa kuifikia. Ulirukishwa. Nadhani ndiyo maana sala yako ilibaki mdomoni miaka minne.

Yule bibi hakukwambia ujikaze. Alikuwa na shida, akakuomba, na ulipokosa maneno hakukuachia mkono. Hapo ndipo palipofunguka. Mungu hakuwa amehamia Uingereza, mwanangu. Hiyo Masasi unayoiona baridi imesaliwa tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika na kundi la watu waliokombolewa utumwani, kwa miguu kutoka Lindi. Safari yao ilikuwa ya kwenda Ziwa Nyasa, wakaishia hapo. Watu waliotenganishwa na mama zao na watoto wao ndio walioanza kupiga magoti kwenye ardhi hiyo. Machozi ya mzazi si mageni kwa Mungu wa Masasi.

Mimi nilipofiwa na mume wangu, nilishika rozari mwaka mzima bila kusikia kitu. Aliyenifungua ni sista mmoja pale Ndanda. Hakunihubiria. Aliniuliza marehemu alipenda kula nini. Nikamwambia ming'oko ya kuchemsha, nikalia mpaka kanga ikalowa, na jioni ile nikasali kweli.

Sasa, mumeo. Usimwone adui wa imani yako. Amekuona unarudi na furaha, na furaha hiyo ilipopatikana yeye hakuwepo. Naye ni baba wa mtoto yule. Umewahi kumsimulia uliyoyalia usiku ule, au umemsimulia kwaya na ndege tu? Kaa naye, watoto wakishalala, umwambie kwamba kule Uingereza ulimlilia mtoto wenu. Sema jina lake. Kisha nyamaza, umwache naye aseme au alie au atoke nje. Akitoka nje, usimfuate, atarudi.

Ushuhuda, mwombe padri akupumzishe. Mwambie wazi kwamba umechoka na kwa nini. Kusimulia chakula kila Jumapili hakushibishi, na padri mwenye busara ataelewa.

Na sala usiisubiri iwake. Masasi mjini adhana ya alfajiri mnaisikia wote. Majirani zako Waislamu wakiamka, amka nawe. Keti kitandani, sema Baba Yetu moja, taratibu, kama ulivyomsomea yule bibi. Siku nyingine hutasikia lolote. Sema hivyo hivyo. Halafu Jumamosi moja nenda hospitali ya Mkomaindo, wodini, ukamtafute mgonjwa asiye na ndugu. Usiende na hotuba. Mshike mkono.

Lakini kabla ya hayo yote, nendeni makaburini, wewe na mumeo, wawili tu. Bebeni jembe, majani yatakuwa yameota. Mkishapalilia, salini hapo hapo, na kama una hasira na Mungu mwambie ukiwa hapo.

Ukiniandikia tena, niandikie jina la mtoto. Nitalitaja kwenye Misa ya Jumapili.