Karatasi ya aliyeshinda inaenda wapi?

Kama chama chenu hupiga kura ya kuokota majina kila mwezi kuamua nani achukue mchango, uliza mapema: karatasi ya aliyeshinda hurudi mkebeni au huchanwa?

Sisi tulikuwa wanawake 12, wauza mitumba wa soko la Kibuye hapa Kisumu, kila mmoja akichanga shilingi 1,000 kwa mwezi. Majina yalikaa kwenye mkebe wa majani chai. Ambaye jina lake lilitoka alichukua 12,000, kisha karatasi yake ikarudishwa, "ili kila mwezi tuwe sawa." Niliona ni haki, nikaunga mkono.

Mwezi wa tano jina la mama mmoja likatoka mara ya pili. Minong'ono ikaanza kwamba mweka hazina hukunja karatasi ya rafiki yake kwa alama. Mweka hazina alilia mbele yetu.

Usiku ule niliketi na kijana wangu wa kidato cha nne tukapiga hesabu. Mwezi wa pili, nafasi ya kutoka jina jipya ni 11/12; wa tatu 10/12; kisha 9/12, halafu 8/12. Zizidishe zote, unapata 0.38 hivi: nafasi ya majina yote matano kuwa tofauti. Basi uwezekano wa jina lolote kujirudia ndani ya miezi mitano ni asilimia 62! Tulikuwa tumemchafulia mtu jina kwa jambo ambalo lilitarajiwa.

Hesabu ya pili iliniuma zaidi. Karatasi zikirudishwa, kila mwezi nafasi yako ya kukosa ni 11/12. Zidisha 11/12 kwa yenyewe mpaka zitimie 12: 0.35. Unachanga mwaka mzima, na una asilimia 35 ya kutopata hata senti. Kati yetu 12, kwa wastani wanne wangekosa kabisa.

Karatasi ikichanwa, zinabaki 11, kisha 10, na nafasi ya waliobaki inapanda hadi wa mwisho ana hakika. (Na mkiokota namba za zamu, msisukumane kuwa wa kwanza kuokota. Wa pili hupata namba 1 ikiwa wa kwanza ameikosa: 11/12 mara 1/11, ambayo ni 1/12 ileile.)

Mkutano uliofuata nilisimama na daftari. Tulimwomba mweka hazina radhi, tukachana karatasi za wanne waliokwisha kupokea. Tulibaki wanane na miezi saba. Yule wa nane atalipwa kidogo kidogo na mama aliyetoka mara mbili. Alikubali mwenyewe, kabla hajaombwa.