Barua kwa mwanangu: gitaa halimng'oi rais

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku wazima. Umeniuliza kama ni kweli Inti-Illimani, wale wanamuziki Wachile ninaowapigisha jikoni tangu ukiwa mdogo, ndio waliomng'oa Pinochet, yule jenerali aliyeitawala Chile kwa mabavu, au ni maneno ya wapenda muziki tu.

Hawakumng'oa. Nyimbo zingekuwa na nguvu hiyo, mwimbaji mwenzao Víctor Jara asingeuawa siku chache tu baada ya Pinochet na wenzake kupindua serikali Septemba 11, 1973. Inti-Illimani walinusurika kwa sababu siku hiyo walikuwa ziarani Ulaya. Kikundi chao kilianzia chuoni Santiago mwaka 1967, na walikuwa wamemuimbia kwenye kampeni Salvador Allende, rais yuleyule aliyepinduliwa. Kurudi kungekuwa kujipeleka wenyewe. Wakabaki Italia miaka 15.

Kule nyumbani, filimbi za quena na charango, kile kigitaa kidogo cha nyuzi kumi zinazokaa mbilimbili, vikawa vyombo vya kutiliwa shaka, eti ni vya wakomunisti. Sasa sikia ujanja wa watu: mwaka 1974 likazuka kundi la Barroco Andino, likawa linapiga muziki wa Bach, yule mtunzi Mjerumani wa kale, kwa vyombo vilevile, tena makanisani. Askari atamkamata nani kwa kosa la kupiga Bach?

Mimi naona kazi ya muziki ilikuwa hiyo: kuwazuia watu wasiizoee hali ile. Waliobaki walisikia sauti ya quena, na walio nje waliendelea kuitaja Chile kila jukwaani.

Inti-Illimani walirudi Septemba 1988, wiki chache kabla ya kura ya maoni ya Oktoba 5, iliyouliza kama Pinochet aendelee kutawala. "Hapana" ikapata karibu asilimia 56. Hiyo ndiyo iliyomtoa: kura, vyama vilivyoacha kugombana kwa muda, na mawakala waliojumlisha matokeo yao wenyewe ili wasiibiwe. Mpigadebe apewe sifa yake, lakini si yeye anayeendesha gari.

Halafu, baada ya yote hayo, miaka ya 2000 wakagawanyika, wakagombania hata jina. Leo kuna Inti-Illimani na kuna Inti-Illimani Histórico, na mashabiki wanarushiana maneno kama Simba na Yanga. Mimi upande sina. Nitumie nyimbo za wote wawili, simu ina nafasi sasa. Nimefuta zile video za harusi ya binamu yako, ila usimwambie.

Mama yako