Majani tele, ng'ombe anakonda

Mwaka ule mvua ilitunyeshea vizuri hapa kwetu Nakuru. Nyasi zilifika magotini, na bado mtamba wangu alizidi kukonda. Manyoya yalimsimama, macho yakawa yanatoka machozi, na nikimwekea majani mabichi ya nepia ananusa tu na kugeuza shingo. Nilimpa dawa ya minyoo mara tatu. Jirani akanishauri nimuuze kabla hajanifia.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyechunga ng'ombe wa walowezi akiwa kijana. Alimpapasa mgongoni, akasema, "Huyu ana njaa ya udongo." Daktari wa mifugo alipopima damu, akaona mzee amesema kweli: upungufu wa madini ya kobalti. Kumbe ugonjwa wenyewe vitabuni una jina la mji wetu, nakuruitisi, kwa sababu udongo wetu wa majivu ya volkano una madini hayo kidogo mno.

Nyasi huota vizuri hata kobalti ikiwa haba, ndiyo maana malisho yanaweza kupendeza macho huku mnyama akiangamia. Anayeihitaji hasa si hata ng'ombe mwenyewe. Ni vijidudu vilivyomo katika tumbo lake la kwanza, ambavyo hutumia kobalti kutengeneza vitamini B12. Bila B12 ng'ombe hawezi kugeuza chakula kuwa nguvu, damu inapungua, hamu ya kula inakwisha. Na kiasi kinachotakiwa ni kidogo ajabu: gramu 1 hivi inatosha tani 10 za malisho makavu! Nilipoelewa hilo niliumia sana nikikumbuka pesa nilizomaliza kwa dawa za minyoo.

Kwa hiyo ndugu mfugaji, mnyama akikonda na majani yapo, usikimbilie dukani. Mwite daktari apime minyoo na damu pia. Waangalie zaidi walioachishwa ziwa karibuni, maana wanaokua ndio huumia kwanza, na kondoo huumia kuliko ng'ombe. Wangu alidungwa B12, kisha nikamwekea jiwe la chumvi lenye kobalti alambe kila siku. Kobalti yenyewe haifai kudungwa; lazima ipite tumboni viliko vile vijidudu. Baada ya wiki moja alianza kugombania nepia na wenzake, nami nikasimama pale boma nikimtazama hadi giza likaingia.

Ukinunua chumvi, soma karatasi yake. Kama kobalti haikutajwa, rudisha. Chumvi ya jikoni haitoshi, na magadi pia hayatoshi, hata kama wanyama wanayapenda. Na kabla ya kumwaga chokaa malishoni pima udongo, kwani chokaa ikizidi huifunga kobalti ardhini, mizizi ikashindwa kuichukua.

Kuna jambo moja nawasihi wenye kondoo. Msiwaache walambe chumvi ya ng'ombe. Mara nyingi ina shaba nyingi, na ingawa ng'ombe anaihitaji, kwa kondoo hujikusanya kwenye ini polepole, miezi kadhaa, bila dalili yoyote. Halafu asubuhi moja unamkuta anakojoa mkojo mwekundu, na hapo kumwokoa ni vigumu sana. Wanunulieni chumvi yao, na muiweke mahali pao.